Haradali mwitu ya Limuru: kutoka shambani hadi karatasi ya hebaria

Siku ya 1
Mmea unaokaushwa kwa ajili ya hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ni Erucastrum arabicum, haradali mwitu inayojiotea mashambani katika nyanda za juu, kuanzia Ethiopia hadi Tanzania. Huu umeng'olewa ukingoni mwa shamba la viazi, Limuru, karibu mita 2,200 juu ya usawa wa bahari.

Nimechukua mimea miwili pamoja na mizizi yake: mmoja una maua na majani ya chini, mwingine una maganda yaliyokomaa. Mimea ya jamaa hii, ya kabichi na sukuma wiki, haitofautishwi kwa ua. Karibu yote ina petali (majani ya ua) 4 zilizokaa kama msalaba na stameni (sehemu za kiume za ua) 6, yaani 4 ndefu na 2 fupi. Ganda ndilo linaloonyesha jina la mmea, na ganda linapokomaa majani ya chini huwa yameshapukutika. Ndiyo maana mmea mmoja hautoshi.

Figili mwitu, Raphanus raphanistrum, ganda lake limebanwa kati ya mbegu na mbegu na hukatika vipande. La Sisymbrium officinale hulalia shina. La mmea wetu limeachana na shina na hupasuka pande mbili.

Mimea imebanwa ndani ya magazeti palepale shambani. Ua likinyauka kwenye mfuko wa plastiki, petali hujikunja na hazinyooki tena. Shina refu limepindwa umbo la N ili lienee kwenye karatasi ya sentimita 29 kwa 42, na jani moja limegeuzwa mgongo juu. Rangi ya ua imeandikwa hapohapo, kwa kuwa njano yake hufifia ikikauka.

Siku ya 2 hadi ya 7
Magazeti hubadilishwa kila asubuhi. Limuru kuna unyevu. Ukichelewa siku mbili za mwanzo, ukungu huacha madoa meusi. Mzizi mnene uliinua karatasi na majani ya jirani yakaanza kujikunja. Nimeupasua kwa urefu, kisha nikajazia gazeti lililokunjwa pembeni mwake. Kipimo cha ukavu ni shavu: mmea ukihisi baridi shavuni, maji bado yamo.

Siku ya 8
Maganda matano yamepasuka ndani ya gazeti. Mbegu zimekusanywa kwenye kibahasha cha karatasi kitakachobandikwa kwenye ukurasa uleule. Safari ijayo ganda lichumwe linapoanza kugeuka manjano, kabla halijakauka.

Siku ya 9
Mfuko wenye mimea umefungwa kabisa na kuingia kwenye friza, nyuzi -20, siku 7, kuua wadudu. Ukitoka usifunguliwe mpaka upate joto la chumba, la sivyo mvuke utatonea kwenye mmea mkavu.

Siku ya 17
Mmea umebandikwa kwa vipande vyembamba vya karatasi, gundi ikiwa kwenye ncha tu. Lebo iko chini kulia: jina, mahali, mwinuko, aina ya udongo, urefu wa mmea, rangi ya ua, tarehe, mkusanyaji na namba yake. Mimea yote miwili ina namba moja.