Siku moja ya mratibu wa michezo chuoni, Mwanza

Saa 12 asubuhi niko uwanjani na mabinti wa netiboli. Mipira imebaki miwili, na mmoja ukiudundisha haunyanyuki. Nahodha ananionyesha raba zake: soli imeshonwa kwa uzi wa nyavu, kazi ya fundi wa soko la samaki la Kirumba Mwaloni. Uzi umekaza kweli, lakini unamkata kidole, soksi imeshaingia damu. Namtoa mazoezini.

Saa 2:30 nipo kwa mhasibu. Dokezo langu la kuomba masurufu, yaani fedha za kuendeshea shughuli, limerudi: kifungu cha michezo hakina fedha.

Hapa ndipo roho inaponiuma. Kila mwanafunzi wetu hulipa mchango wa michezo pamoja na ada, asipolipa hasajiliwi. Fedha hiyo inaingia akaunti moja na nyingine zote, kisha bili ya umeme, maji na madeni ya wazabuni yakija kwa pamoja, michezo inasubiri mkiani. Mhasibu simlaumu, dada wa watu anagawa kilichopo. Ila fedha iliyochangwa kwa jina la michezo chuo hakina haki ya kuitumia kuziba pengo lingine. Itengwe, na kila muhula serikali ya wanafunzi ionyeshwe kilichoingia na kilichotoka. Nimeandika hivyo kwenye dokezo jipya, aya ya kwanza.

"Mwalimu, mkuu atakasirika."

"Akasirike, dada yangu, mradi asome."

Saa 5 mzabuni wa jezi anapiga simu. Ankara alileta muhula uliopita, na kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, anadaiwa hata kama sisi hatujamlipa. Namwomba radhi. Sina kingine cha kumpa.

Mchana napiga hesabu za mechi ya Sengerema. Tangu Daraja la Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hatusubiri tena kivuko. Tunakwenda na kurudi siku hiyohiyo, malazi nimeyafuta. Maji ya chupa nayo nimeyakata, tutabeba madumu.

Saa 10 mazoezi ya wavulana, yameisha salama.

Saa 12 jioni mkuu ananipigia. Amesoma. Basi la chuo na mafuta vipo, chakula hakipo. Suala la mchango linakwenda kwenye kikao cha menejimenti Jumatatu, nami niende na mchanganuo wa mihula miwili. Ndio ninaouandaa usiku huu. Waratibu wenzangu ambao vyuo vyenu vimeshatenga fedha hizi, nitumieni utaratibu wenu kabla ya Jumatatu.