Daftari la Pulu: Kumbukumbu ya Kubashiri Mpira Mweupe Utasimama Wapi

Wiki ya kwanza

Mradi huu umetokana na swali ambalo limenisumbua kwa muda mrefu: kwa nini wako wachezaji wa pulu ambao mechi yao moja ya zamani naweza kuitazama mara nne bila kuchoka, ilhali wengine, ambao pengine wana vikombe vingi zaidi, nawaacha kabla gemu la tatu halijaisha? Sikutaka kujijibu kwa maneno mapana kama kipaji au mvuto, kwa kuwa maneno hayo humfaa kila mchezaji na kwa hiyo hayamwelezi yeyote. Nimejiwekea utaratibu. Kila ninapotazama mechi iliyorekodiwa ya mipira tisa, yaani aina ya pulu inayochezwa kwa mipira yenye namba 1 hadi 9, nasimamisha picha mchezaji anapojiandaa kupiga, nachora meza ndogo kwenye daftari, kisha natia alama ya msalaba mahali ninapodhani mpira mweupe, ule pekee unaopigwa kwa fimbo, utasimama baada ya pigo. Picha ikiendelea, natia duara mahali uliposimama kweli, na pembeni naandika sentensi moja tu kuhusu nilichohisi.

Nimechagua mipira tisa kwa sababu ya kanuni yake. Mpira mweupe lazima uguse kwanza ule wenye namba ndogo kuliko yote iliyobaki mezani, hivyo mtazamaji anajua daima mchezaji anakoelekea, na kinachobaki kuwa fumbo ni njia atakayoipita. Eneo la kuchezea kwenye meza ya mashindano ni inchi 100 kwa 50, na kipenyo cha mpira hakifiki milimita 58. Ukikosea kwa upana wa kiganja mahali pa kuusimamisha mpira mweupe, pigo jepesi linalofuata laweza kugeuka balaa.

Wiki ya pili

Kurasa zote za wiki iliyopita nimezifuta. Nilikuwa nasimamisha picha mchezaji akiwa tayari ameinama, na ncha ya fimbo, kwa kuelekea juu, chini au ubavuni mwa mpira mweupe, ilikuwa imekwisha kunipa nusu ya jibu. Sasa nasimamisha angali wima, akipaka chaki na kuizunguka meza. Ubashiri wangu umeharibika sana tangu nianze hivyo, jambo ambalo nalichukua kuwa dalili njema.

Wiki ya tatu: Efren Reyes

Wiki nzima imeishia kwa mtu mmoja. Reyes alizaliwa Ufilipino mwaka 1954, na jina lake la utani ni Bata, neno ambalo kwa Kitagalogi, lugha ya huko, lina maana ya mtoto, ingawa sisi wa Kiswahili hatuna budi kutabasamu kidogo tunapolisikia likitangazwa kwa heshima kubwa. Jina lake lingine, Mwanamazingaombwe, silipendi. Mwenye mazingaombwe huficha namna alivyofanya, na Reyes haifichi.

Chukua lile pigo la mwaka 1995 huko Reno, Marekani, dhidi ya Earl Strickland, ambalo mashabiki huliita pigo la Z. Strickland alikuwa amejihami vizuri, akauficha mpira uliotakiwa kupigwa, na kwa macho yangu kilichobaki kilikuwa kubahatisha kuugusa tu ili kuepuka faulo. Reyes aliupeleka mpira mweupe ukingoni, ukavuka meza hadi ukingo wa pili, ukarudi kwa mshazari na kuutumbukiza ule uliofichwa, kisha ukasimama mahali pazuri pa kuendelea. Pigo lile nilikuwa nimeliandikia neno moja, «haiwezekani», na msalaba sikuuchora kabisa. Hata hivyo, baada ya kutazama mara ya pili, mstari ule ulionekana wazi kana kwamba ulikuwa umechorwa kwenye kitambaa tangu mwanzo.

Hali hiyo imejirudia ukurasa baada ya ukurasa. Karibu kila ninapokosea kwa Reyes, kosa langu ni la kutoliona jambo lililokuwa mezani mbele yangu, wala si la kudharau nguvu au ustadi wa mkono wake. Nafikiri chanzo kimojawapo ni kwamba aliucheza sana pia ule mchezo wa mipira mitatu kwenye meza isiyo na mashimo, ambamo kingo ndizo barabara zenyewe. Anaposoma meza ya pulu, kwake ukingo ni mlango, ilhali wengi wetu tunauona kuwa ukuta. Na anapokosa hujikuna kichwa na kucheka, jambo ambalo halina thamani yoyote ya kiufundi, lakini nimeliandika mara nyingi mno kuweza kulipuuza.

Mwaka 1996 huko Hong Kong, yeye na Strickland walicheza mechi ya kufikisha gemu 120, kwa zawadi ya dola 100,000. Reyes alishinda 120 kwa 117. Sitaichora mechi hiyo, daftari halitoshi.

Wiki ya nne: Earl Strickland

Ni haki kumfuatisha yeye, maana wiki iliyopita nilimtumia kama ukuta wa kumpigia Reyes. Huyu ni bingwa wa dunia wa mipira tisa wa miaka 1990, 1991 na 2002, na mwaka 1996 huko Dallas, katika shindano lililoahidi dola milioni 1 kwa atakayesafisha meza, yaani kufungua gemu na kulimaliza bila mpinzani kupata zamu, mara 10 mfululizo, alisafisha mara 11. Pembeni mwa kurasa zake nimeandika zaidi kuhusu mwenendo wake kuliko kuhusu mapigo: analalamika, anazungumza na watazamaji, anajibishana na mwamuzi, anavaa glavu, anabadili fimbo ndefu kwa fimbo ndefu zaidi. Nakiri kwamba wakati mwingine nilitazama nikisubiri alipuke, na sidhani kuwa hiyo ndiyo raha niliyokusudia kuipima. Nilipozima sauti, nilimwona mtu mwingine kabisa, mwenye mkono mwepesi uliolegea, ambaye mpira mweupe ulimtii hata kwa mapigo makali yaliyovuka meza nzima. Sasa namtazama bila sauti.

Wiki ya tano: Shane Van Boening

Hapa nadharia yangu changa, kwamba raha iko katika yale nisiyoyaona mezani, iliyumba. Van Boening, aliyezaliwa mwaka 1983 katika jimbo la South Dakota akiwa na ulemavu wa kusikia, ameshinda mashindano ya wazi ya Marekani ya mipira tisa mwaka 2007, mara tatu mfululizo kuanzia 2012 hadi 2014, na tena 2016. Mwaka 2022 akapata ubingwa wa dunia aliousubiri kwa miaka mingi, kwa kumfunga Albin Ouschan 13 kwa 6. Misalaba yangu na maduara yake hukaribia kukutana. Nilitarajia kuchoka, sikuchoka.

Jibu lilikuwa katika pigo la kufungua gemu. Mipira inatawanyika kwa kishindo, mmoja au miwili inatumbukia, na mpira mweupe unarudi karibu na katikati ya meza na kutulia pale kana kwamba umewekwa kwa mkono. Baada ya hapo hana haja ya kunishangaza, kwa sababu ameshaondoa mashaka kwa pigo moja, na kinachobaki ni kumwona akikwepa kuyazua upya.

Wiki ya sita: Allison Fisher, na wengine kwa haraka

Fisher alitawala snuka ya wanawake Uingereza, mchezo wa fimbo unaochezwa kwenye meza kubwa zaidi, kabla ya kuhamia Marekani na kuingia kwenye pulu mwaka 1995, akatwaa ubingwa wa dunia wa mipira tisa mwaka uliofuata, na tena 1997, 1998 na 2001. Snuka haijamtoka: kidevu kinagusa fimbo, mwili hautikisiki. Katika michoro yangu mpira wake mweupe husafiri umbali mfupi kuliko wa yeyote mwingine, na kosa langu kwake ni la aina moja tu, kwamba naupeleka mbali kuliko alivyohitaji. Nimejifunza kutoka kwake zaidi ya wote, ingawa ilinichukua muda kufurahi.

Joshua Filler wa Ujerumani, bingwa wa dunia mwaka 2018 akiwa na miaka 21, amenishinda kwa sababu ya kijinga: anapiga haraka mno, na kidole changu huchelewa kusimamisha picha. Ralf Souquet, Mjerumani mwenzake, hunipa muda wa kuchora, kufuta na kuchora tena.

Wiki ya saba

Nimeifuta safu ya «ugumu wa pigo» niliyokuwa nimeiongeza daftarini, kwa kuwa haikuwahi kulingana na sentensi za pembeni. Mahali pake nimeweka safu inayouliza kama nililiona tatizo la meza kabla mchezaji hajalitatua. Palipo na jibu la ndiyo, sentensi ya pembeni ni ya furaha hata pigo likiwa rahisi. Palipo na hapana, hata pigo la ajabu nimeliandikia neno moja au mawili tu. Pigo la Z linabaki nje ya kanuni hiyo, na nimeliwekea alama ya kuuliza kwa wino mwekundu.

Kinachofuata ni fainali ya ubingwa wa dunia ya 2024 huko Jeddah, ambamo Fedor Gorst alimshinda Eklent Kaçi 15 kwa 14. Nitaanza na gemu la mwisho, nikiwa nimezima sauti.