Jiwe la Kijitoni

Nilipowasimulia ndugu zangu wa Tanga kwamba Jumapili zangu huku Yorkshire huishia kwenye mashindano ya pikipiki, waliuliza ni nani hufika wa kwanza. Katika trayali, kama mashindano haya yanavyoitwa, hakuna kuwahi kufika. Waendeshaji hupita mmoja mmoja katika kipande kifupi cha njia yenye mawe, mizizi, matope au maji, huku mwamuzi akiwatazama miguu: anayegusa ardhi mara moja huandikiwa alama 1, mara mbili 2, mara tatu au zaidi 3, na anayeanguka, anayetoka nje ya mipaka au, kwa kanuni za klabu yetu, anayesimamisha pikipiki, huandikiwa 5. Mwenye alama chache ndiye mshindi, na wakilingana hutangulizwa aliyepita vipande vingi zaidi bila kugusa.

Safari hii nilikabidhiwa kupanga kipande cha kijitoni, katika shamba la mfugaji wa kondoo. Nilidhani kazi yangu ni kutafuta jiwe la kutisha. Nililipata, lenye kimo cha goti, nikachomeka alama nyekundu kulia na za buluu kushoto, nikajisifu. Mzee mmoja aliyepanga vipande kwa miaka mingi alipokuja kukagua, hakulishughulikia jiwe hata kidogo. Alihesabu hatua za uwanda uliokuwa kabla yake.

"Umewaachia mita nane za kuchukua kasi," akasema. "Hapa itashindana mikono ya mafuta tu."

Alisema kweli. Mwenye nafasi ndefu huongeza mafuta na kulirukia jiwe, na akikosea huanguka akiwa kasini. Tulisogeza alama ili mwendeshaji atokee kwenye kona kali, akiwa amebakiwa na nafasi inayozidi kidogo urefu wa pikipiki yake, hivyo alazimike kuinua gurudumu la mbele kwa klachi na uzito wa mwili. Jiwe lilikuwa lile lile, ila sasa lilikuwa gumu zaidi kupandwa, na anayeanguka huanguka kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kisha tulikagua upande wa pili, mahali ambapo sikuwa nimetupia jicho: palikuwa na seng'enge kuukuu, tukaiondoa. Wanaoanza tuliwawekea njia yao pembeni, juu ya kokoto, kwa vishale vya rangi nyingine, kwa sababu anayepata 5 katika kila kipande harudi tena.

Ugumu wenyewe hubadilika pamoja na mashine. Mwaka 1965 mwendeshaji Sammy Miller alishinda mashindano ya siku sita ya Scotland, yanayofanyika pande za Fort William, akiwa na pikipiki nyepesi ya Bultaco baada ya miaka mingi juu ya Ariel nzito, na wapangaji wakalazimika kufikiria upya. Pikipiki za leo zina uzito wa kilo 70 hivi, hazina kiti cha maana, na tairi zake hujazwa upepo kidogo sana ili zikumbatie mwamba. Jiwe lililomshinda babu, mjukuu hulipita akipiga mluzi.

Kosa langu kubwa lilijitokeza siku yenyewe. Asubuhi jiwe lilikuwa kavu, na kumi wa mwanzo walipata kati ya 0 na 3, jambo nililolitaka. Lakini kila tairi lilipanda na maji na tope, na kokoto za chini zikachimbika hadi jiwe likaanza kuyumba. Waliochelewa walipata 5 kwa zamu, akiwemo mama mmoja ambaye hajawahi kunisema vibaya, naye siku hiyo alinitazama tu. Kubadilisha njia katikati hakungekuwa haki kwa waliokwisha kupita, kwa hiyo nilisimama pale nikimeza aibu yangu.

Jioni nilirudi na mtaimbo, nikalikandamiza jiwe kwa mawe madogo hadi likatulia, kisha nikaokota tepe zote za mipaka kabla kondoo hawajaanza kuzitafuna.