Rangi ya asali ya Tabora

Bango lilikuwa limeshatoka kwenye mashine, limekunjwa kingo na kubanwa ringi kila nusu mita, na mimi nilikuwa nimeridhika nalo kabisa. Mita 3 kwa 1.5. Nililitandaza sakafuni ili mwenye kazi alikague. Mama akavua viatu, akalizunguka pole pole mpaka akarudi pale alipoanzia, kisha akachuchumaa na kuweka kiganja juu ya picha ya asali.

"Mwanangu, hapa umeweka nini?"

"Asali yenu, mama. Ile picha mliyonitumia."

"Hii siyo asali yetu. Hii ni oili chafu, ile wanayomwaga mafundi wa magari."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma. Angefoka ningepata la kujitetea.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 25 Juni 2015. Maonesho ya Sabasaba yalikuwa yanafunguliwa Jumapili ya tarehe 28. Mama alikuwa ameingia Ubungo usiku wa kuamkia siku ile kwa basi la kutoka Tabora. Kikundi chao cha akina mama wa asali kilikuwa kimepata meza kwa mara ya kwanza ndani ya banda la pamoja, na walichangishana nauli yake, fedha ya bango na gharama ya kusafirisha madumu. Oda waliileta kwa simu, malipo wakatuma kwa simu, picha wakatuma kwa WhatsApp. Mimi nilikuwa dizaina kwenye duka la kuprinti Kariakoo, mwaka wangu wa pili kazini, na sikuwahi kuiona asali yenyewe.

Juni ya Kariakoo kwa watu wa kuprinti haina usiku wala mchana. Maonesho haya yako tangu 1977, na kila anayepata banda pale Barabara ya Kilwa anataka kitu kitakachomfanya mpita njia ageuze shingo: mabango, stika za vioo, vipeperushi, tishirti. Mwaka ule ulikuwa pia wa uchaguzi mkuu, makada walikuwa wanachukua fomu za kuomba uteuzi, na kazi za siasa zilikuwa zinamaliza fleksi, ile plastiki ya kuprintia mabango, mtaani kama unga. Juu ya hayo, Mtaa wa Msimbazi ulikuwa umechimbwa kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi. Vumbi ni adui mkubwa wa kazi yetu. Punje ikitua kabla wino haujakauka inaacha kidoa, na ikifika kwenye kichwa cha mashine inaziba vitundu, kazi nzima inatoka na mistari. Tulikuwa tunamwagia maji kizingitini kila saa na kutundika shuka bichi mlangoni.

Mzee wetu wa mashine alikuwa amekaa kwenye boksi la karatasi pembeni. Alikuwa amefunga, tulikuwa kwenye kumi la kwanza la Ramadhani, na saa nne asubuhi kama ile huwa hasemi mengi. Ufundi alijifunzia kwenye mashine za ofseti, enzi za kutengeneza pleti nne kwa picha moja, na akifika mahali pa rangi sisi wote tulikuwa tunanyamaza. Akasimama.

"Mwonyeshe mama kwenye kompyuta."

Nikafungua kazi. Asali ikawaka kwenye kioo, ya dhahabu, inang'aa. Mama akainama, uso ukabadilika.

"Eeh! Hapo sasa. Hiyo ndiyo." Akageuka kulitazama bango sakafuni, akarudi kwenye kompyuta. "Sasa imepotelea wapi, kutoka hapa mpaka pale?"

Nimeulizwa maswali mengi na wateja tangu siku ile. Hilo bado ndilo kubwa kuliko yote.

Mzee akatoa mfukoni ile lenzi yake ndogo ya kukagulia chapa, akaniamuru nipige magoti. Ukiweka jicho kwenye lenzi ile, picha inakufa, zinabaki nukta tu za wino: njano, majenta ile nyekundu ya waridi, saiani, nyeusi. Njano zilikuwepo, zimejaa. Majenta zilikuwepo. Lakini katikati yake, kila mahali, kulikuwa na nukta za saiani, buluu ile ya maji ya bahari ya kina kifupi, zimetapakaa kwenye asali kama wadudu.

"Nani ameweka buluu kwenye asali?" akauliza.

Hakuna aliyeweka. Picha ilipigwa ndani, chini ya taa ya tyubu inayotoa mwanga wa kijani, ikabanwa ilipopita kwenye simu. Nilipoibadilisha kutoka rangi za mwanga kwenda rangi za wino, programu ikautafsiri ule ukijani kuwa saiani. Kwenye kioo sikuuona kwa sababu kioo kina taa nyuma yake, na taa inasamehe mengi. Fleksi haina taa. Inapokea mwanga wa nje na kurudisha kile tu wino ulichokiacha. Nilikuwa nimefundishwa haya yote kwa maneno, na siku ile niliyaona kwa jicho moja, sakafuni, nimepiga magoti mbele ya mama wa watu.

Mama alikuwa ameshafungua begi lake. Akatoa chupa iliyofungwa ndani ya khanga, akaifungua mafundo mawili, akamkabidhi mzee. Juu ya kaunta ilikuwa nyeusi kama kahawa. Nikafikiri: basi hata bango langu halikuwa mbali. Mzee akaibeba mpaka mlangoni, akasogeza shuka, akaiinua juani.

Sijui niieleze vipi. Ilikuwa kama kaa la moto unapolipuliza. Nyekundu ndani kabisa, halafu rangi ya machungwa, na pembeni kwenye shingo ya chupa njano safi. Kijana wa duka la pili, muuza vifuniko vya simu, aliacha mteja wake akaja kutazama.

"Nyuki wetu wanakula maua ya miombo," mama akasema. "Asali yake haiwi nyeupe. Watu wa Dar wakiiona mezani wanadhani tumeunguza sukari. Ndiyo maana nilitaka waione kwenye bango kwanza."

Kumbe bango lile lilikuwa na kazi mahususi, na hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza. Lilitakiwa kumtetea kabla hajafungua mdomo.

Tukapanda juu ya paa la jengo, mimi, mama na kamera ya duka, ile tunayopigia picha za pasipoti. Nikamwomba achote asali kwa kijiko cha mbao na kuiachia idondoke ndani ya bakuli la kioo, jua likiwa nyuma yake, na upande wangu nikasimamisha karatasi nyeupe ya A3 irudishe mwanga kwenye mkono wake. Mkono ule ulikuwa na alama za moshi na miiba. Nilipiga picha zaidi ya 40. Katikati ya kazi wakaja nyuki wawili, pale juu ya Kariakoo, kwenye mabati na matangi ya maji, sijui walitoka wapi. Mama hakuwafukuza. Akacheka: "Wamesikia harufu ya kwao."

Ijumaa yote tulifanya majaribio. Tuliprinti vipande sita vya ukubwa wa kiganja, kila kimoja na namba yake, tukavipeleka mlangoni kuvilinganisha na chupa kwenye mwanga wa jua, maana mzee alikataa katakata kuamua rangi chini ya taa za dukani. Cha kwanza kilikuwa chekundu mno, kama juisi ya ukwaju. Cha tatu kilielekea kwenye haradali. Cha tano mama alikishika akakaa kimya, akakiegemeza kwenye chupa. Njano asilimia 100, majenta 55, nyeusi 10, saiani sifuri. Namba hizo bado ninazo kichwani.

Adhana ya magharibi ikatukuta mashine imeshapashwa joto. Tukakaa sakafuni: tende, uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi kutoka kwa mama lishe wa nyuma ya jengo. Mama wa asali hakuwa amefunga, lakini alikuwa amejizuia kula mbele yetu siku nzima. Akamimina asali kidogo kwenye kisosi, tukachovya tende. Nilikuwa nimeinusa tangu jana yake. Ina uchungu kidogo mwishoni, kama moshi wa mbali, na baada ya hapo nilijua ninachokiprinti.

Saa tatu usiku tukaanza. Kichwa cha mashine kikawa kinakwenda na kurudi, asali inashuka pole pole juu ya fleksi, mkono wa mama unajitokeza ukianzia kwenye vidole. Tulipofika mita 1.8 umeme ukakatika.

Aliyewahi kusimama karibu na mashine ile anaujua ukimya unaofuata. Mzee alikuwa ameshawasha tochi ya simu na kukisukuma kichwa kwa mkono kurudi kwenye kituo chake, kisije kikakauka. Umeme uliporudi baada ya dakika 40, tulijaribu kuendelea pale pale. Ukatokea mstari, upana wa uzi, ukipita katikati ya kiganja cha mama. Mbali usingeuona. Mzee akauona, nami nikauona.

Roli ilikuwa imebakiza mita 2 tu. Tuliwapigia simu jirani wote. Fleksi ya kawaida hakuna, imekwenda kwenye uchaguzi. Kwenye kona kulikuwa na kipande cha fleksi ya boksi la taa, ile inayopitisha mwanga, kilichobaki kwenye kazi ya duka la dawa. Mzee akakishika, akakiinua mbele ya tochi, akaniangalia.

Ndipo tulipoigawa kazi. Bango nikalipunguza liwe mita 2 kwa 1, na maneno yakabidi yapungue. Lile la kwanza lilikuwa na historia ya kikundi, malengo, faida saba za asali na shukrani kwa wadau. Nikabakiza ASALI YA MIOMBO, TABORA, na namba ya simu. Kanuni ya mzee ni sentimita 2.5 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali. Kwa mtu aliye mita 12 zinatosha sentimita 10, na kwa nafasi ile niliweza kuweka 20. Picha ya asali ikahamia kwenye fleksi ya boksi, sentimita 70 kwa 100, wino mara mbili, maana mwanga wa nyuma unaifuta nusu ya rangi.

Asubuhi ya Jumamosi nilikuwa Gerezani kwa fundi seremala kabla hajafungua. Fremu ya mbao, kina cha sentimita 15 ili tyubu zisionekane kama michirizi, ndani ipakwe nyeupe. Tyubu tatu za futi 2. Fundi umeme akaleta zile za mwanga mweupe, mzee akazirudisha. Mweupe ungeturudishia ile buluu.

Saa kumi jioni tulipakia kirikuu tukaelekea viwanja vya Mwalimu Nyerere. Ndani ya banda kila mtu alikuwa juu ya ngazi. Tukatundika bango, likakaa vizuri. Tukasimamisha boksi nyuma ya meza, na hapo mama akaliona kwa mara ya kwanza. Bila taa, wino mara mbili, lilikuwa jeusi. Jeusi kuliko hata lile la Alhamisi.

Hakusema kitu. Alishika ncha ya khanga yake akawa anaizungusha kidoleni. Mimi nilikuwa chini ya meza natafuta soketi, mikono inateleza kwa jasho, nafunga na kufungua plagi ileile. Mzee tu ndiye aliyekuwa ametulia.

Nikawasha.

Sikuona asali kwanza. Nilimwona mama, uso wake umepata rangi ileile ya mlangoni kwetu. Akasogea, akaichukua chupa mezani na kuiweka mbele ya boksi, mwanga ukapita ndani yake, na pale chini ya mabati ya banda, jua likiwa limeshaondoka, asali ya kwenye chupa na ya kwenye fleksi zikawa kitu kimoja. Watu wa meza ya pembeni, wauza viungo, walishuka ngazi wakaja kuuliza ni bei gani. Maonesho yenyewe hayajaanza.

Boksi lilirudi Tabora na basi, limeviringishwa magodoro mawili. Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, nikapigiwa simu nikiwa kazini.

"Mwanangu, mwangaluka. Taa moja imeungua. Ninunue ya urefu gani?"

"Futi 2, mama. Na iwe ya mwanga wa njano. Wakikupa nyeupe, irudishe."