Kumweka mtu kati

Leo asubuhi nzima imeishia kwenye neno moja. Naandaa fomu ya ridhaa ya utafiti mpya, na kamati ya maadili inataka kila karatasi itakayosomwa mbele ya washiriki iwe ya Kiswahili. Wana haki. Ila kitu ninachokitafiti kwa miaka kumi na tano sasa hakijapata jina la Kiswahili linalokaa vizuri mdomoni. Kwenye miradi tunasema "huduma inayomlenga mteja", yaani huduma ya VVU inayopangwa kufuata maisha ya mgonjwa mwenyewe. Silipendi. Kulenga ni kazi ya manati, na mteja ni mtu wa dukani.

Zamani nilijaribu "huduma inayomweka mtu kati". Nikaenda nalo kwenye kikundi cha WAVIU, watu wanaoishi na VVU, upande wetu wa Kagera, nikalieleza kwa mbwembwe zote za mtu aliyetoka kumaliza shahada ya uzamivu. Bibi mmoja aliyekuwa anachambua maharage mapajani alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mwanangu, mtu akiwekwa kati si amezingirwa?"

Kikundi kizima kilicheka. Nami nilicheka. Lakini swali lile niliandika ukurasa wa kwanza wa daftari, na kila nikianza daftari jipya nalihamisha.

Maana hebu tazama siku ya kliniki. Mtu anafika CTC, kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, alfajiri ili asikutane na jirani. Mapokezi wanatafuta faili lake, anapimwa uzito, mshauri anamwaga vidonge vilivyobaki juu ya meza na kuvihesabu, tabibu anauliza yaleyale, kisha foleni ya dirisha la dawa. Akigeuka aende zake, anakutana na mimi mlangoni nimeshika dodoso la maswali 94. Tumemweka kati kwelikweli.

Mimi ni mtoto wa Kagera, lakini wa migombani, juu vilimani. Ziwa tulikuwa tunaliona kwa mbali. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983, na watu wakauita ugonjwa ule Juliana, jina la mashati ya fasheni yaliyokuwa yanaletwa kwa magendo kutoka Uganda. Ya nyumbani kwetu sitayaandika hapa. Itoshe kusema nimelelewa na bibi, na darasani sikuwa peke yangu.

Mwaka huohuo wa 1983, nilikuja kusoma baadaye, kundi la watu wenye UKIMWI walikutana Denver, Marekani, wakatoa tamko kwamba wasiitwe wahanga, na kwamba wanataka kushiriki katika maamuzi yanayowahusu. Mizizi ya fani yangu iko pale, hata kama waandishi wengi wa siku hizi wanaanzia kwenye miongozo ya Shirika la Afya Duniani. Sisi huku tuliendelea kusema "mwathirika" kwa miaka mingi, redioni, mahubirini, hata kwenye mabango ya hospitali. Na tulipoliacha tukabaki na lingine ambalo mpaka leo linaniudhi zaidi: mtoro.

Asiyefika kliniki tarehe yake ni mtoro. Kama mtoto wa shule. Kuna orodha ya watoro, kuna simu za watoro, kuna mtu wa kuwafuata watoro nyumbani. Na mtoro akirudi, hupokewa kama wanavyopokewa watoro wote. Nimeshuhudia mama wa miaka hamsini na kitu akifokewa mbele ya benchi zima, mikono ameikunja nyuma.

Dawa za kufubaza VVU zilianza kutolewa bure katika vituo vya serikali mwaka 2004. Nilipoingia kwenye utafiti, swali lililokuwa na fedha lilikuwa moja: kwa nini watu wanaacha dawa? Nikapelekwa kwenye kituo kimoja kilichohudumia mialo kadhaa, yaani fukwe za kuegesha mitumbwi, ya wavuvi wa dagaa. Watoro walijaa. Nikamhoji kijana mmoja, mpole, anayejibu kwa kifupi.

"Kaka, mbona tarehe tatu hukufika?"

"Dada, tarehe zako zilikuwa giza."

Nikatikisa kichwa kwa huruma. Nikaandika: giza. Wengine wawili watatu wakasema hivyohivyo, "ilikuwa giza", "giza lilinikuta", na mimi nikaona nimepata dhahabu. Kwenye uchambuzi giza likawa dhamira nzima, na chini yake nikapanga msongo wa mawazo, kukata tamaa, unyanyapaa. Niliwasilisha kwenye mkutano nje ya nchi, na mama mmoja mstari wa mbele alifuta machozi. Nasema kweli.

Mwaka uliofuata gari letu liliharibika jirani na mwalo mmoja, tukalala pale. Usiku nikatoka nje nikaona ziwa limewaka taa, mamia ya taa, kama mji umejengwa juu ya maji. Nikamuuliza kijana aliyekuwa analinda nyavu kuna nini. Akaniangalia kama ananionea huruma. "Ni giza, dada. Watu wako kazini."

Dagaa huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, kwa taa. Taa ndiyo inayowakusanya. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hauna maana tena, wavuvi wanapanda nchi kavu, wanashona nyavu, wanaoa, wanagombana, wanakwenda kliniki kama tarehe imeangukia hapo. Giza si huzuni. Giza ni msimu wa pesa.

Nilikaa kwenye jiwe nikahesabu kwa vidole. Kliniki ilikuwa inawapa dawa za siku 28. Mwezi wa angani unazunguka kwa siku 29 na nusu. Kwa hiyo hata aliyeanza na tarehe nzuri ya mbalamwezi, kila mara anarudi nyuma siku moja na nusu, na baada ya miezi kama kumi anaitwa kliniki katikati ya giza, wakati mtumbwi hauwezi kumsubiri na bosi wa mtumbwi hajui kwamba anatumia dawa. Hapo ndipo utoro unapoanza. Mtu hajabadilika, imani yake haijatetereka, virusi vyake pengine ni vichache mno hata kipimo hakivioni. Kalenda ndiyo imemtoroka.

Nilirekebisha uchambuzi. Makala ilitoka baada ya miaka miwili, kwa Kiingereza, kwenye jarida ambalo hata muuguzi wa kituo kile asingeweza kulifungua bila kulipia. Nikapandishwa cheo. Nilipokwenda mwaloni kuwaeleza matokeo, mzee mmoja alinikatiza kwa adabu: "Samahani, wewe ni dokta wa kutibu au wa kuandika?" Nikajibu wa kuandika. Akasema, "Basi andika tupewe dawa nyingi kwa mpigo."

Akawa amemaliza utafiti wangu kwa sentensi moja. Baada ya mwaka 2016, Tanzania ilipoanza kumpa dawa kila anayekutwa na VVU bila kusubiri CD4, seli zake za kinga, zishuke, kliniki zilifurika, na taratibu utaratibu wa kuwapa wagonjwa waliotulia kwenye tiba dawa za miezi mitatu, baadaye hata sita, ukashika. Walioufanya uenee walitaka kupunguza foleni. Sijali sababu. Katika yote niliyoyaona yakifanywa kwa jina la huduma hii, hilo ndilo watu wamenishukuru kana kwamba nimelileta mimi: ruhusa ya kutokutuona.

Si wote, lakini. Yule bibi wa maharage alikataa ya miezi sita. Benchi la kliniki, alisema, ndilo mahali pekee ambapo hafichi kitu. Nyumbani vidonge anavifunga kwenye kitambaa ili chombo kisilie kama njuga wakwe wakija. Anataka kuja kila mwezi, akae, asalimiane. Fomu ya kituo haikuwa na kisanduku cha mtu kama huyo. Muuguzi akamwandikia miezi mitatu, na bibi akawa anakuja kila mwezi tu, bila tarehe, anakaa.

Wiki iliyopita nilirudi kwenye kituo cha mialo. Nyuma ya meza ya muuguzi wa sasa, mama Mlutheri, nikaona imetundikwa kalenda ya msikiti, picha ya Kaaba na tarehe za Hijria chini ya zile za kawaida. Nikamuuliza kulikoni. Akasema tarehe kumi na mbili mpaka kumi na nane za Kiislamu wavuvi wako nchi kavu, basi yeye anawapangia humo tu. Hakuna aliyemfundisha.

Hajasoma makala yangu. Nilimuuliza kalenda ya mwaka ujao ameshaipata? Bado, akasema, msikitini hawajaileta, na mimi kama narudi Bukoba nimtafutie mbili, moja ya dirisha la dawa.