Fitingi za upepo zilivyonitesa kwenye kiwanda cha mvinyo

Huku Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kila msimu ukifika kiwanda chetu kidogo hakilali. Mimi ndiye fundi wa mitambo. Vali za matangi na mashine ya kukamulia vyote vinaendeshwa na upepo wa kompresa. Usiku mmoja mashine zote zimezimwa, nikasikia kompresa ikiwaka yenyewe kila baada ya dakika chache. Upepo unavuja.

Nilichukua maji ya sabuni na brashi ya rangi, nikapaka kiungo kimoja kimoja cha mabomba ya upepo, yaani fitingi. Povu lilitoka kwenye fitingi kumi na moja, zote za chumba tunachooshea mitambo. Chumba cha kompresa, hata moja. Niliyojaribu kuifungua ikanikatikia mkononi. Ilikuwa brasi, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, iliyopakwa nikeli. Pale spana ilipokwaruza, nikeli ilikuwa imebanduka, na brasi ya ndani imegeuka nyekundu. Zinki ilishaliwa, imebaki shaba yenye vitundu, haina nguvu.

Nikakimbilia stenlesi. Muuzaji akaweka sumaku: "Fundi, unaona haishiki? Hii ndiyo yenyewe." Nikalipa. Miezi minne baadaye zikaota vitobo kama vya sindano. Kumbe sumaku haitenganishi stenlesi ya aina ya 304 na ya 316, zote mbili karibu hazishiki. Tofauti ni madini ya molibdenamu: 316 ina asilimia 2 hadi 3, na ndiyo inayoisaidia kustahimili kloraidi, chumvi za klorini.

Safari ya tatu sikuanzia dukani, nilianzia kwa mama wa usafi. "Mama, dawa ya klorini unapima vipi?" Akacheka. "Nakadiria tu, mwanangu. Ikinichoma pua, najua imetosha."

Basi hapo nilipata jibu langu lote. Klorini kali kiasi hicho, ikiachwa ikaukie kwenye chuma, hata 316 inaitoboa. Nikamletea kikombe cha kupimia, tukakubaliana kusuuza kwa maji mengi kabla ya kufunga. Ndipo nikaagiza 316 Dar es Salaam, za bomba la milimita 8, na nikadai cheti cha kiwanda kinachoonyesha madini yaliyomo. Zilikuja na basi. Bosi aliguna kwa bei, kwa hiyo nilizifunga kwenye chumba cha kuoshea tu. Kwingine brasi inatosha kabisa.

Nilitaka pia kujua mpira wa ndani ya fitingi, ule unaozuia kuvuja, ni wa aina gani. EPDM inavumilia magadi vizuri lakini inavimba ikikutana na mafuta, na kompresa yetu hutema mafuta kidogo kwenye upepo. Nikachukua FKM, mpira unaovumilia mafuta. Nyuzi za kukazia fitingi nilizipaka grisi ya kuzuia kung'ang'aniana, maana stenlesi kwa stenlesi ikikaza kavu, utaikata kwa msumeno.

Msimu uliopita nilifunga upepo jioni ukiwa na shinikizo la bar 6. Asubuhi geji ilisoma 5.8.