Saini nyuma ya redio

Mtwara, Jumapili usiku

Huku kwetu hatuna mazoea ya kusainiwa vitu. Mchezaji akija mjini watu wanataka kumpa mkono, na siku hizi wanataka kupiga naye picha. Mwenye ujasiri humwomba jezi aliyovaa. Kwa hiyo jana, bonanza la maveterani wa mpira lilipomalizika pale Uwanja wa Nangwanda Sijaona na mtu wa kipaza sauti akatangaza kwamba wazee wataketi chini ya turubai kuweka saini, ulipita muda kabla foleni haijakaa sawa. Watoto ndio walioanza. Walikuja na jezi za Simba na za Yanga, za msimu huu, zenye majina mgongoni ya vijana ambao wazee wale hawajawahi hata kucheza nao. Mmoja alileta daftari lake la hesabu. Upepo wa kusi ulikuwa unapeperusha kila karatasi, ikabidi mzee mmoja awe anaandika huku kiwiko kimekandamiza daftari.

Mimi nilikuwa nimebeba redio.

Nimeona niandike usiku huu, mambo yakiwa bado ya moto. Tangu jana kila ninayemsimulia ananikatiza kuuliza jina: nani, yupi, alicheza namba ngapi? Jina sitaliandika. Ni mmoja wa waliokuwa katika kikosi cha Simba cha mwaka 1993, na wanaokijua kikosi kile wangemtambua hata kwa namba, basi na namba naiacha. Alizungumza nami kama mzee anavyozungumza na mtoto wa nyumbani, hakujua kwamba nina blogu. Ninayoyaandika hapa aliyasema mbele ya foleni, kwa sauti ya kawaida.

Kwa wadogo zangu ambao mpira kwao ulianza na Benjamin Mkapa kujaa watu elfu sitini: mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF. Kombe lile halipo tena, mwaka 2004 liliunganishwa na Kombe la Washindi likazaliwa hili la Shirikisho. Hakuna klabu ya Tanzania iliyokuwa imewahi kufika fainali yoyote ya Afrika kabla ya hapo. Simba iliwatoa El Harrach ya Algeria, ikawatoa Aviação ya Angola, ikaenda Abidjan ikatoka 0-0 na Stella ya Ivory Coast. Marudiano yalikuwa Dar es Salaam, Uwanja wa Taifa, huu tunaouita Uhuru sasa, Jumamosi ya tarehe 27 Novemba. Stella walishinda 2-0. Jina la mfungaji wao, Boli Zozo, lilikaa vinywani mwa watu wazima miaka na miaka, na sisi watoto tulilitamka kama jina la jini.

Kwetu Mikindani, karibu na Mtwara mjini, hatukuona hata dakika moja ya mechi ile. Bara hapakuwa na kituo cha televisheni. Gazeti la Uhuru lilifika likiwa limeshazeeka, maana barabara ya Dar ilikuwa barabara kwa jina tu: mvua zikianza basi linalala Nangurukuru, linalala Somanga, na hata likifika Rufiji lazima lingoje kivuko pale Ndundu. Daraja la Mkapa lilikuja kufunguliwa 2003. Kilichotufikia siku ileile, saa ileile, ni Radio Tanzania. Nikisema nilimpenda mchezaji huyu nikiwa mtoto, ninachosema ni kwamba niliupenda mguu wake kupitia koo la mtu mwingine. Mtangazaji alikuwa akikimbizana na mpira kwa maneno, halafu mpira ukimfikia mchezaji wangu, maneno yanapungua. Anapokea. Anatulia. Anainua kichwa. Kwenye ule utulivu na sisi barazani tulipumua.

Kuna jambo moja la utotoni ambalo nililibeba mpaka pale mezani jana. Watangazaji walikuwa wanatuelekeza uwanja kwa pande: lango la kaskazini, lango la kusini. Na Kusini ni sisi. Kila mtu aliyetoka Dar alisema anakwenda Kusini, kila mwalimu aliyehamishiwa kwetu alisema kaletwa Kusini. Basi Simba wakishambulia lango la kusini nilijua wanakuja upande wetu. Nilikuwa nahama kabisa, nakaa ukingo wa baraza nikitazama njia ya Lindi.

Baraza lilikuwa la mjomba wangu, fundi cherehani. Redio ilikuwa yake: National, ya betri kubwa nne, yenye mfuko wa ngozi uliotobolewa matundu mahali pa spika. Siku za kawaida betri zilianikwa juani pamoja na muhogo ili zipate nguvu za jioni moja zaidi. Lakini Novemba ni msimu wa korosho, na msimu ule hata sisi watoto tulikuwa na senti mkononi za kuokota. Mjomba alinunua betri mpya, zote nne, kwa ajili ya fainali. Mjomba ni Yanga. Mapema mwaka uleule Yanga walikwenda Kampala wakarudi na kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati, na aliringa nalo mpaka wateja wakaanza kupeleka suruali kwa fundi wa jirani. Wana Simba wote wa mtaa walijua kwamba siku ile amewaita barazani kwake ili wafungwe mbele yake.

Bao la kwanza lilipoingia hakusema kitu. La pili lilipoingia, baba mmoja wa Simba aliinuka akasema zima hiyo redio, mwenzetu, tumekwisha. Mjomba akaweka mkono juu ya redio. Akasema, "Watu bado wanacheza, nitazimaje?" Tukasikiliza mpaka filimbi ya mwisho, Simba na Yanga, na hakuna aliyecheka. Kwa nini hakucheka nilimuuliza nikiwa mkubwa, akanijibu kana kwamba nimeuliza kwa nini maji yanalowanisha: "Walikuwa wametoka kwenda kucheza na Afrika."

Hiyo ndiyo redio niliyoibeba jana. Haiimbi tena, iko juu ya kabati kwa mjomba, na yeye mwenyewe alinipa, akaifuta vumbi kwanza kwa kitambaa cha ndani ya mashine.

Zamu yangu ilipofika nilisema shikamoo baba, akasema marahaba mwanangu, akanyoosha mkono kupokea jezi. Nikaweka redio mezani. Aliitazama, akanitazama, akasema hii nisiiharibu, huna karatasi? Nikamwambia sina kitu kingine ambacho yeye aliwahi kuwemo. Picha yake hatukuwahi kuwa nayo, na uwanjani sikuwahi kumwona. Simba na Yanga nimekuja kuwaona kwa macho yangu uwanja huuhuu, Ndanda yetu ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2014, na yeye alishastaafu zamani. Humu ndimo nilimojua kwamba yupo.

Akauliza, "Mlikuwa mnatusikia mpaka huku?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nikamwambia kila mechi, baba. Akageuka kumwambia mwenzake wa kiti cha pili, "Unasikia? Mikindani." Kisha akaniambia maneno ambayo yamenikalisha macho usiku wa kuamkia leo. Alisema wao, wakati ule, watu wao walikuwa ni wale waliokuwa wakiwaona: waliojaa majukwaani, na waliokuwa wakiwangoja Msimbazi, makao ya klabu. Walijua mechi inatangazwa, naam, maikrofoni walikuwa wanaziona. Lakini hakuwahi kukaa akafikiri kwamba ukipiga mpira pale kuna mtoto wa kike huku anahama mahali pa kukaa. Siku ya Stella, alisema, aliumia kwa ajili ya uwanja ule. Hakujua kwamba ilimpasa kuumia na kwa ajili yetu.

Akataka nimweleze siku ile huku ilikuwaje. Foleni ilikuwa nyuma yangu, yule wa daftari la hesabu alikuwa amerudi kusainiwa ukurasa wa pili. Nikamweleza kwa kifupi: betri, mjomba, mkono juu ya redio. Nilipofika kwa yule baba aliyetaka izimwe, akanikatiza.

"Ikazimwa?"

"Hapana, baba. Mpaka filimbi ya mwisho."

"Mpaka filimbi?"

"Mpaka filimbi. Na mwenye redio ni Yanga."

Akaweka kalamu chini. Mzee yule ana mikono mikubwa, akaifunga yote miwili juu ya ile redio, akawa haongei, na mimi sikuongea. Mwenzake wa kiti cha pili ndiye aliyechukua jezi za watoto wawili waliofuata ili foleni isonge.

Nimekuwa nikifikiri jambo hili leo kutwa. Sisi tunaompenda mchezaji tunajiona ndio wenye njaa: tunataka mkono wake, wino wake, uso wake kwenye simu zetu. Tunaamini anajua anavyopendwa, kwa sababu tunapiga kelele nyingi. Anazijua kelele za wale walio karibu. Wale wa mbali yeye hana habari nao, na wa mbali ndio wengi. Kuna wazee wa mpira na wa riadha wanaoishi mitaani humu nchini, wengine hata nauli ya daladala inawapiga chenga, ambao watu wa Masasi na Nachingwea na Newala waliwasikiliza wakiwa wamezuia pumzi, na hakuna aliyewahi kuwaambia. Mimi mwenyewe sauti zilizonifikishia haya yote, za kina Ahmed Jongo na Charles Hilary, nilizijua kuliko za baadhi ya wajomba zangu. Charles Hilary alifariki Mei 2025. Nilisoma habari ile ofisini, nikainuka nikaenda kusimama nje, na wenzangu hawakuelewa nimefiwa na nani.

Mwanangu wa kwanza, niliyekwenda naye, alikuwa ananisubiri kando na simu yake. Yeye fainali ya Simba na Berkane, ile ya 2025, aliitazama yote, ya kule Morocco na ya Zanzibar, na akairudia vipande vipande kitandani mpaka nikamnyang'anya simu. Alililia bao lililokosekana na anaweza kukuonyesha sekunde lilipokosekana. Simwonei wivu na simhurumii. Ila aliniuliza tukiwa kwenye bajaji kama mzee yule alikuwa mzuri kweli, na nikagundua kwamba ushahidi wangu ni sauti ya mtu ikishuka. Nikamwigizia. Anapokea. Anatulia. Anainua kichwa. Dereva wa bajaji akaitikia kutoka mbele, "Huyo namjua," akataja jina, akapatia.

Saini aliiweka mgongoni mwa redio, pembeni ya kifuniko cha betri, polepole, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa kuandika na mwalimu mkali. Chini ya jina akaandika Mikindani. Tarehe nilidhani ataandika ya jana, akaandika 27.11.1993. Halafu akauliza, huyo mjomba yupo? Yupo, baba. Bado Yanga? Bado. Akacheka mpaka akakohoa.

Leo asubuhi nilimpelekea mjomba redio yake. Alitoka nayo barazani kwenye mwanga, akavaa miwani, akaigeuza huku na huku mpaka akasoma yote. Nilitegemea labda atanyamaza kidogo. Aliniuliza kama ni kweli mtu huyu yuko Mtwara, na kama anaongea na watu vizuri, kwa sababu yeye ana swali moja tangu siku ile: mmekwenda ugenini mmewazuia watu, hawakupata hata bao, kuja kwenu mkafunguka hivyo kwa haraka ya nini? Nikasema nikimpata nitamuuliza. Akasema hapana, hilo niachie mimi, wewe ulikuwa mtoto, hutajua jibu lake likiwa la uongo.

Wazee hao Jumamosi ijayo wanacheza Lindi, Uwanja wa Ilulu. Mjomba ameshamtuma mjukuu stendi kuuliza nauli, na ameniagiza nimtafutie jezi ya Yanga, ya kijani, saizi kubwa.